Unataka Kufungua Duka la Kuprinti Vitabu Merti? Soma Hii Kabla Utume Pesa Nairobi

Wacha nianze na aibu yangu, ndio ujue hii story sijaitoa hewani.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili juu ya fee, nilirudi Merti nikapata kazi kwa saiba moja hapa sokoni. Kompyuta naijua, printa naijua, nikajiona mimi ndio kusema. Wiki ya tatu akaingia maalim wa madrasa na flashi mkononi. Alitaka vijitabu 150 vya watoto wanaoanza kusoma Kiarabu, kurasa 24 kila kimoja, saizi ya A5. Nikamwambia, "Maalim, usijali, kesho jioni viko tayari."

Nikaprinti usiku kucha. Nikakunja, nikapiga pini, nikapanga kwa katoni. Vilikuwa vimetoka fiti, hata mimi mwenyewe nikajipigia makofi.

Maalim akaja. Akachukua kimoja, akakifungua vile kitabu cha Kiarabu hufunguliwa, kutoka kulia. Akapata ukurasa wa mwisho. Akakigeuza, akakigeuza tena, akaniangalia. Hakunitusi. Alisema tu, "Kijana, kitabu hiki kinaanza nyuma."

Vyote 150. Karatasi 900 za ndani, yaani karibu rimu mbili, kava 150, tona, na usingizi wangu. Manze nilichoma picha.

Nitakuambia mwishoni vile tuliokoa hiyo oda. Kwa sasa jua tu kwamba kilichotuokoa si mashine ya bei. Ni vyuma viwili vya mkono ambavyo havitumii hata stima. Tangu siku hiyo, msee akiniuliza anunue mashine gani ya kumalizia vitabu, yaani kukunja, kupiga pini, kukata na kubaindi, huwa simjibu kabla anijibu swali moja: mteja wako ni nani?

Wateja wa River Road hawako Merti

Ukienda River Road pale Nairobi, kazi kubwa ya vijitabu ni programu za matanga. Picha ya marehemu mbele, historia yake, nyimbo, shukrani. Familia inataka nakala nyingi, za rangi, na inazitaka haraka. Ndio maana muuzaji wa Nairobi atakusukuma uchukue mashine inayotoa vijitabu chap chap. Kwake iko na maana.

Hapa kwetu hiyo soko haiko. Watu wengi Merti ni Waborana na ni Waislamu. Mtu akifariki anazikwa mapema iwezekanavyo, mara nyingi siku hiyo hiyo. Nani ataprintiwa programu ya kurasa 16 kabla ya kaburi kufunikwa? Ukinakili duka la River Road, umenunua mashine ya wateja ambao hawatawahi kuingia mlangoni.

Wateja wa huku ni hawa. Kuna shule, na mitihani yao ya ndani kila muhula: nyeusi na nyeupe, nakala nyingi, kava hakuna. Kuna madrasa na duksi, na vijitabu vya A5 vinavyofunguka kutoka kulia. Kuna maofisi, mashirika na kamati: ripoti za ukame, mikutano ya maji, makubaliano ya malisho ambayo wazee wa dedha na watu wa hifadhi za jamii wanataka yawe kwa karatasi. Hizo ni A4 nene, nakala chache, na mara nyingi zinahitajika leo. Alafu kuna wafanyabiashara wa soko wanaotaka vitabu vya risiti, na kila mtu mwingine anayetaka kulamineti cheti.

Kabla ununue chochote, chukua daftari na kalamu. Kwa mwezi mmoja andika kila oda inayoingia, hata ile umekataa na ile mteja amepeleka Isiolo. Andika saizi, kurasa, nakala, na siku aliyotaka. Hilo daftari litakushauri vizuri kuliko muuzaji yeyote.

Hesabu ya nne

Hii ni lazima uielewe, juu ndio inaamua kila kifaa.

Karatasi moja ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne. A4 ikikunjwa inakuwa kijitabu cha A5. A3 ikikunjwa inakuwa kijitabu cha A4. Kwa hivyo kijitabu cha kupigwa pini mgongoni lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne: 8, 12, 16, 24, 32. Mteja akikuletea kurasa 30, mwambie mapema kutakuwa na mbili tupu, ama aongeze kitu.

Kurasa zinazokaa upande mmoja wa karatasi, ukizijumlisha, zinatoa idadi ya kurasa zote ukiongeza moja. Kijitabu cha kurasa 24, ukurasa wa 1 unakaa na wa 24, wa 2 unakaa na wa 23. Kila mara ni 25. Ukiona jumla haifiki hapo, simamisha printa.

Na kwa Kiarabu: ukiprinti kijitabu kwa Adobe Reader, chini ya Booklet kuna mahali pameandikwa Binding. Inakujanga ikiwa Left. Weka Right. Hizo herufi tano zilinigharimu mshahara wa wiki mbili.

Nunua kwa huu mpangilio

*Gilotini.* Hii ndio moyo wa duka. Bila mkato safi, kitabu kinaonekana kama kazi ya nyumbani. Usichukue ile ya kuteleza na kisu kidogo inayokata karatasi chache kwa mara moja. Tafuta ile ya mkono wa chuma, yenye kibano cha kushika rundo. Rundo la sentimita 4 la karatasi za gramu 80 ni kama karatasi 400, na kuna gilotini za mkono zinazokata hilo rundo kwa pigo moja.

Usikimbilie ya A3 kwa sababu ni kubwa. Ukigawanya A3 mara mbili, mkato wenyewe ni wa sentimita 29.7 tu, so gilotini ya saizi ya A4 inafanya hiyo kazi mradi meza yake nyuma ya kisu iko na nafasi ya sentimita 21. Ya A3 utaihitaji ukikata ule upande mrefu. Nunua pamoja na kisu cha ziada na ile mbao ya plastiki inayokaa chini ya kisu, juu Merti hutaipata. Na watoto wasikaribie. Hiyo kitu haijui kidole na karatasi.

*Stepla ya shingo ndefu.* Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Hii inafika. Pima mwenyewe dukani kutoka mahali pini inatokea hadi nyuma ya shingo. Kwa kijitabu cha A5 unahitaji karibu sentimita 15. Kwa kijitabu cha A4 unahitaji 21. Chukua inayopita 21 na umemaliza shida zote mbili.

Pini za 24/6 na 26/6 ndizo rahisi kupata, na zinafaa hadi karibu karatasi 20 za gramu 80. Ukikunja karatasi 20 hizo ni kurasa 80 tayari. Lakini usifike huko. Ukipita kama kurasa 60, kijitabu kinafura na hakilali. Pia kurasa za ndani zinasukumwa nje zikipita za juu, unapata ukingo wa ngazi ngazi. Dawa yake ni kukata ukingo na gilotini baada ya kupiga pini. Unaona sasa kwa nini gilotini ndio ya kwanza?

*Kifaa cha kupiga mstari wa kukunja.* Kava nzito, kuanzia gramu 160 kwenda juu, ukiikunja tu hivi hivi inapasuka mgongoni. Kwa printa ya leza ni mbaya zaidi, sababu tona inakaa juu ya karatasi, haiingii ndani kama wino, so inabanduka pale pamekunjwa. Unapiga mstari kwanza, ndio unakunja. Kuna mashine ndogo za mkono za kufanya hivyo. Kama ganji imeisha, tumia rula ya chuma na kalamu ya biki iliyoisha wino. Inafanya kazi kabisa kwa oda ya vitabu 50. Kwa 500 utalia.

*Mashine ya spairo.* Hii ndio itakulipia kodi, juu ripoti za maofisi zote zinaishia hapo. Ile ya plastiki ya kawaida inatoboa mashimo 21 kwa A4. Spairo ya milimita 6 inashika kama karatasi 25, ya milimita 51 inafika karibu 500. Usitoboe rundo nene kwa mara moja ukidhani unaokoa muda. Meno yakipinda, kila ripoti itatoka na shimo moja limekosana na mwenzake. Spairo za plastiki zifiche jua, zikikauka zinavunjika.

*Mashine ya kulamineti.* Chukua ya A3, itafanya na ya A4. Ila jua hii inakula stima juu inapasha moto. Kusanya kazi za siku nzima, ziwashie mara moja.

Kwa vitabu vya risiti utahitaji pia kifaa cha kutoboa mstari wa kurarua na cha kupiga namba. Subiri daftari lako likuambie kama hizo oda ziko.

Na ile ya gundi?

Kila msee anaitamani, sababu kitabu kinatoka na mgongo bapa kama cha dukani. Mimi ningekuambia usare kwanza.

Gundi ya hizo mashine inayeyushwa kwa joto kali sana, kwa hivyo lazima uwashe na usubiri ipate moto kabla ubandike kitabu cha kwanza. Kwa oda ya nakala sita, umechoma stima ya bure. Alafu gundi hiyo hiyo inayoyeyuka kwa joto inalegea pia kwa joto. Weka kitabu mbele ya kioo cha Land Cruiser kutoka asubuhi hadi saa nane Merti, alafu ukifungue uone kama kurasa hazitoki mkononi. Ripoti inayozunguka kwenye gari kutoka kijiji hadi kijiji inataka pini ama spairo.

Tuongee kuhusu mashine kubwa sasa

Ziko za aina mbili. Ya kwanza inashikana na printa yenyewe: karatasi inatoka, inakunjwa, inapigwa pini, kitabu kinaanguka kwa trei. Kampuni kama Ricoh, Canon na Konica Minolta ziko nazo kwa mashine zao kubwa. Ya pili inasimama peke yake, unalisha karatasi zilizoprintiwa na printa yoyote. Huko ndio utasikia majina kama Duplo na Horizon za Japani, Morgana ya Uingereza, na Plockmatic ya Sweden.

Ile ya kushikana inapendeza ikifanya kazi. Shida ni ndoa. Printa ikifa, ile sehemu ya kukunja imekuwa mjane, haiolewi na printa ingine. Ile ya kusimama peke yake inaendelea hata ukibadilisha printa mara tatu.

Naomba nikuambie ya jamaa mmoja, jina nitaliweka. Ukame wa 2020 hadi 2023, ile misimu mitano ya mvua iliyokosa kufuatana, ulimaliza karibu mifugo yote ya kwao. Waliobaki akauza, akaenda Nairobi, akarudi na printa kubwa ya mitumba yenye sehemu ya kukunja na kupiga pini. Aliamua fora imemshinda, sasa ataishi na karatasi. Barabara ya vumbi ikaitingisha hiyo mashine juu ya lori mpaka ikafika. Printa ikawaka. Sehemu ya kukunja ikagoma. Fundi akataka alipiwe nauli, malazi, na siku zake zote za njiani, kabla hata aguse skrubu. Leo juu ya ile sehemu ya kukunja kuna thamosi ya chai na sahani ya mahamri. Printa inafanya kazi, anapata riziki, lakini ng'ombe walioenda kwa hiyo nusu ingine hawatarudi.

So fanya hii hesabu kabla ufungue mkoba. Tuseme mashine ni shilingi 300,000. Tuseme ukilinganisha na kijana unayemlipa kukunja na kupiga pini kwa mkono, mashine inakuokolea bob 5 kwa kila kitabu. Gawanya: ni vitabu 60,000 ndio urudishe pesa yako, kabla ya stima na fundi. Weka bei yako halisi na akiba yako halisi, alafu fungua lile daftari uone utachukua miaka mingapi. Kama jibu linapita mitatu, hiyo pesa nunulia rimu na tona.

Siku ya mashine kubwa inaweza kufika. Utaijua ikiwa mihula miwili mfululizo unarudisha oda juu mikono haitoshi, na uko na fundi anayeweza kufika, na pini zake zinauzwa hata Isiolo. Kimoja kikikosa, ngoja.

Merti yenyewe ni mteja msumbufu

Kuna vitu hautaambiwa dukani Nairobi.

Stima. Kwa miaka mingi Merti imekuwa kwa orodha ya miji inayopata stima kutoka kituo chake yenyewe, nje ya gridi ya taifa. Kama uko kwa sola na betri, kila kifaa kinachopasha moto ni adui wa betri yako. Ndio maana nasisitiza vya mkono.

Vumbi. Linaingia kwa roli za mpira zinazovuta karatasi, zinaanza kuteleza. Funika kila kitu jioni, panguza roli kwa kitambaa chenye unyevu kidogo mashine ikiwa imezimwa.

Hewa kavu. Karatasi zikikauka zinashikana kama zimepakwa sumaku, printa inavuta mbili kwa mara moja, na kijitabu kinakosa ukurasa bila wewe kujua. Acha rimu ndani ya karatasi yake mpaka dakika ya kuitumia, na ipepete kabla ya kuiweka kwa trei.

Barabara. Printa ikisafiri, toa tona kwanza, la sivyo itafika imejipaka masizi ndani. Gilotini ifungwe mkono wake kwa kamba. Na ukiwa dukani, rekodi video ya fundi akifungua na kufunga kifaa. Hiyo video ndio fundi wako wa Merti.

Siku ya kununua

Usikubali kuonyeshwa kwa karatasi zao. Beba zako, na kava ya aina unayotumia, na faili ya kurasa 32. Waambie wakutolee vijitabu 20 ukiwa umesimama hapo. Angalia pini: zimekaa juu ya mkunjo kabisa, ama zimepotea kando? Angalia mgongo wa kava: umepasuka? Panga vyote 20 pamoja uone kama vimelingana. Alafu uliza bei ya kisu, bei ya pini, na nani anavyo. Muuzaji akianza kuzunguka zunguka, shukuru, toka.

Tulivyookoa vitabu vya maalim

Mdosi wangu hakunifukuza. Alichukua kijitabu kimoja, akatoa pini, akakiweka kwa gilotini, akakikata katikati kabisa pale kwa mkunjo. Zikatoka karatasi 12 za A5. Ukurasa wa 1 mbele, wa 2 nyuma yake. Wa 3 mbele, wa 4 nyuma. Akazitoboa upande wa kulia, akakata spairo ya A4 kwa makasi ikafika saizi, akaifunga. Akanipa. Nikakifungua kutoka kulia. Ukurasa wa 1, wa 2, wa 3.

Bado 149. Tulimaliza alfajiri. Faida yote ilienda kwa spairo, na zingine zilikatwa mshahara wangu, na hiyo ni haki. Lakini maalim alipata vitabu vyake, na muhula uliofuata alirudi.

Safari hiyo nilichukua karatasi sita tupu, nikazikunja, nikaandika namba za kurasa kwa kalamu, nikampa ashike kabla niwashe printa. Akafungua kutoka kulia, akahesabu mpaka 24, akanirudishia. "Sasa piga," akasema.

Hiyo sampuli ya karatasi sita tupu haikunigharimu hata bob kumi. Ianze nayo kila oda, hata ukiwa na mashine ya milioni.